Ini Halina Haraka: Vimeng'enya Vinavyovunja Pombe Mwilini

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo mimi na kaka Salim tunazungumzia namna mwili unavyoivunja pombe, na ningependa tuanze na imani iliyowaponza wengi, kwamba kahawa, maji baridi au usingizi mfupi humtoa mtu pombe.

SALIM: Havimtoi, dada Neema. Kahawa humfanya mlevi awe macho, lakini pombe iliyomo kwenye damu hubaki palepale, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 yake huvunjwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini, hasa vya ini, na ni sehemu ndogo tu inayotoka kwa pumzi, jasho na mkojo. Kimeng'enya cha kwanza, alkoholi dihaidrojenezi, huinyang'anya ethanoli, yaani kilevi chenyewe kilichomo kwenye pombe, hidrojeni na kuikabidhi kwa kisaidizi chake kiitwacho NAD. Hata pombe ikiwa kidogo, vimeng'enya hivyo karibu vyote huwa vimeshashika kazi, na NAD nayo ina kikomo, kwa hiyo ukiongeza pombe unaongeza foleni, huongezi kasi.

NEEMA: Hebu tupige hesabu.

SALIM: Kwa kawaida ini la mtu mzima huvunja takriban gramu 7 hadi 10 za ethanoli kwa saa, ingawa watu hutofautiana. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Chupa nne ni gramu 80, yaani kazi ya saa 8 hadi 11. Aliyeanza kunywa saa 4 usiku, akalala, kisha akashika usukani saa 11 alfajiri, anaendesha akiwa bado na pombe kwenye damu.

NEEMA: Hilo linanitia hofu kuliko yote, maana mtu huyo anajiona mzima kabisa. Sasa, ethanoli ikishavunjwa inakuwa nini?

SALIM: Inakuwa asetaldehaidi, na hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa ni sumu kali kuliko ethanoli yenyewe. Hushikamana na protini na kuharibu DNA, na mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka asetaldehaidi itokanayo na unywaji wa pombe katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Kimeng'enya cha pili, ALDH2, ambacho hufanya kazi ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, huigeuza haraka kuwa asetati, ambayo misuli na moyo huitumia kama nishati hadi ikaishia kuwa maji na kaboni dayoksaidi.

NEEMA: Na kimeng'enya hicho cha pili kikiwa dhaifu?

SALIM: Sumu hurundikana. Watu wengi wa Asia Mashariki wamerithi ALDH2 ambayo asidi amino moja tu, yaani kimojawapo cha vijenzi vya protini, glutameti, imebadilishwa na laisini. Kwa kuwa kimeng'enya hiki huundwa na vipande vinne vilivyoungana, nakala moja mbovu ya jeni inatosha kudhoofisha sehemu kubwa ya kazi yake. Mwenye jeni hiyo akinywa kidogo tu uso humwiva, moyo humwenda mbio na kichefuchefu humshika, na akiendelea kunywa, uwezekano wa kupata saratani ya umio huongezeka sana. Dawa ya disalfiramu, wanayopewa baadhi ya wanaoacha pombe, huleta hali hiyohiyo kwa makusudi kwa kukizuia kimeng'enya hicho.

NEEMA: Lakini wapo wanywaji wa siku nyingi wanaoonekana kuimudu pombe.

SALIM: Ni kweli, kwa kiasi fulani. Unywaji wa mfululizo huliongezea ini kimeng'enya kingine, CYP2E1, ambacho huharakisha uvunjaji wa pombe. Bahati mbaya, hicho huzalisha molekuli zinazoumiza seli za ini, na pia hugeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu. Kwa hiyo anayekunywa kila siku amweleze mfamasia ukweli huo kabla ya kumeza vidonge hivyo, hata kama anavitumia kutuliza maumivu ya kichwa tu.