Maji ya Roma na Ofisi ya Frontinus

Mabibi na mabwana,

Kila ninapoitwa kuzungumzia Roma, watu hutaka kusikia habari za matao yaliyobeba mifereji ya maji ya jiji hilo, nami sitachoka kusema kwamba matao ni sehemu ndogo tu ya kazi ile. Mfereji wa Marcia, ulioanza kujengwa mwaka 144 KK, ulikuwa na urefu wa kilomita 91 hivi, na takriban 80 kati ya hizo zilipita chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna anayekwenda kupiga picha.

Kilichoyafikisha maji mjini karne baada ya karne ni usimamizi. Mwaka 97 BK Kaisari Nerva alimkabidhi maji ya jiji Frontinus, aliyekwisha kuwa gavana wa Britania, naye akaanza kwa kulinganisha kiasi kilichoandikwa madaftarini na kile alichokipima mwenyewe kwenye vyanzo. Hesabu hazikukubaliana hata kidogo. Mafundi wa idara ya maji walikuwa wakitoboa mabomba chini ya barabara na kuuza maji kwa siri. Tena kibali cha kupata maji kilipopata mmiliki mpya, walitoboa tundu jipya kwenye tanki na kuliacha lile la zamani wazi, ili maji yake yawe biashara yao. Kanuni ilitaka bomba la kila mteja lianzie kwenye kipande cha shaba nyeusi chenye mhuri wa kipimo, kwa kuwa shaba hiyo haipanuliwi kwa urahisi kama madini ya risasi. Frontinus alikuta vipande vikubwa kuliko kibali, na vingine havina mhuri kabisa.

Kuna atakayeniambia kwamba jasho lilikuwa la watumwa. Ni kweli, wala sitaki jambo hilo lifichwe: watunzaji wa mifereji walikuwa watumwa 700, yaani 240 wa umma na 460 wa Kaisari, na wasimamizi wao walizoea kuwapeleka kwenye shughuli za watu binafsi, mpaka Frontinus alipoagiza kazi ya kila siku ipangwe jana yake na iandikwe.

Muda unanibana, nami sijagusa sheria za Kirumi. Niseme tu kwamba mkusanyo wa sheria hizo ulioamriwa na Kaisari Justinian kati ya mwaka 529 na 534, huko Constantinople, uliingia katika sheria za Ufaransa, ukapita Ubelgiji, ukafika hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Hayo mengine tuyachukue katika maswali.