Anzeni na pweza

Mhadhara kwa maafisa ugani wa uvuvi wanaokwenda kuanza kazi katika vijiji vya pwani

Asanteni, kaeni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafundisha wavuvi uvuvi endelevu. Neno hilo "endelevu" nimelitumia miaka mingi, na bado sijamwona mvuvi aliyelichukua akaenda nalo nyumbani. Ukumbini wanaitikia, wanapiga makofi, wanatia saini karatasi ya posho. Kesho yake juya, ule wavu wa kukokota, ni lile lile. Kwa hiyo leo sina mada kumi za kuwagawia. Nina mnyama mmoja tu wa kuanzia kazi, naye ni pweza.

Mtauliza kwa nini si chewa, yule samaki mkubwa wa mwambani. Chewa hukomaa polepole, kwa miaka. Mwambie baba mwenye watoto sita amwachie chewa leo, na faida huenda akaja kuivua mtoto wake, tena ikiwa jirani hajaivua kwanza. Pweza wa mwambani ana haraka. Maisha yake yote ni mwaka mmoja na nusu hivi, mara nyingi chini ya hapo. Wa nusu kilo akiachwa miezi miwili mitatu huweza kuzidi maradufu. Jike hutaga mara moja tu: hujifungia shimoni, akayalinda mayai kwa majuma kadhaa bila kula, na yanapoanguliwa naye ndiyo mwisho wake. Ukimchokoa kabla hajafika huko, umechukua na kizazi chake chote. Ukimwacha, mwamba unakujibu ndani ya msimu huo huo, subira ya watu haijaisha na mradi haujafungwa.

Ushahidi upo ng'ambo tu hapa, Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Mwaka 2004, katika kijiji cha Andavadoaka upande wa kusini-magharibi, wavuvi wa Kivezo, jamii ya pwani hiyo, walikubali kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa. Siku ya kuufungua walitoa pweza wazito kuliko waliowazoea. Vijiji jirani havikungoja semina, viliangalia mizani. Mwaka 2006 vikaungana kuanzisha eneo la Velondriake, linalosimamiwa na wenyeji wenyewe, na kutoka kwenye pweza mazungumzo yakafika kwenye mikoko, na kwenye sehemu zisizovuliwa kabisa. Angalieni mpangilio huo: faida ilitangulia, somo la uhifadhi likafuata. Sisi tulio wengi hufanya kinyume. Huku kwetu pia, Unguja na Pemba, kuna vijiji ambako kufunga mwamba kwa ajili ya pweza si jambo geni tena.

Sasa niwaambie nilivyokosea, maana kosa hili mtalikuta njiani.

Kijiji sitakitaja. Tuliitisha mkutano dikoni, pale vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki, alasiri, wavuvi wakajaa. Nikaeleza habari za pweza kama nilivyowaeleza nyinyi. Wakakubali haraka mno, na ile haraka ingepaswa kunishtua. Mwamba waliouchagua ulikuwa ule wa karibu, unaoanikwa maji ya bamvua (yale yanayojaa na kutoka kupita siku nyingine) yakitoka. Wao, wanaume, wana mitumbwi na miwani ya kuzamia, huvua mwamba wa nje. Wa karibu ni wa kina mama, wanaotembea kwa miguu na mchokoo, kifaa cha kumchokolea pweza shimoni, mkononi. Kina mama hao mkutanoni hawakuwamo, kwa kuwa saa ile walikuwa majumbani wanapika. Wiki ya pili bibi mmoja alinifuata. Kwa heshima zote akaniuliza kama na mimi kwangu huwa nafunga jiko la mke wangu nikampa jirani ufunguo.

Nilikuwa na shahada ya sayansi ya bahari. Hilo halikuwa katika mtihani wowote niliofanya.

Tangu siku hiyo, kabla ya kusema neno moja kuhusu mazingira, nauliza nani huvua wapi, kwa chombo gani, maji yakiwa namna gani. Swali hilo naliuliza mara mbili, kwa wanaume peke yao na kwa wanawake peke yao. Majibu hayalingani kamwe.

Kosa la pili lilitokea siku ya kufungua mwamba. Hatukuwa tumepanga lolote. Habari zilikuwa zimesambaa, wakaja wavuvi wa dago, wale wa kuhamahama wanaopiga kambi, wakaja wachuuzi na ndoo. Mtu akikosa pweza shimoni anavunja mwamba kwa mtaimbo. Kwa maji kupwa mara moja tu akiba ya miezi mitatu ikatoka, wadogo kwa wakubwa, na matumbawe tukayakanyaga sisi wenyewe tuliokuja kuyahifadhi. Kwa hiyo mafunzo mtakayotoa yawe hasa ya siku hiyo: nani anaingia kwanza (mimi husema wa miguu watangulie, wazamiaji wafuate), mgeni anaingia kwa masharti gani, mizani inakaa wapi, na nani anarudisha wadogo. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Mkipima hadharani, kila mtu anamwona aliyemdhulumu mwenzake. Daftari la mizani aandike mwanakijiji, libaki kijijini. Afisa anayeondoka nalo ofisini ameondoka na somo.

Pweza hafundishi yote, msinielewe vibaya. Madema, ile mitego ya kusukwa, yana habari yake: Kenya yamejaribiwa yale yenye upenyo wa kutokea, samaki wachanga na wembamba wakapita, na kilichobaki ndicho chenye thamani sokoni. Somo hilo mvuvi hulielewa kwa siku moja.

Kwa juya, mnapoteza muda mkiwafundisha mabaharia wanaolivuta. Mabaharia wanapata mgawo tu. Juya lina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe hata baharini haendi. Mtafuteni huyo. Hatakuja ukumbini, mtamfuata barazani kwake.

Na baruti haina somo. Inajulikana tangu zamani kuwa ni haramu kwa sheria, na anayeilipua anajua vizuri kuliko sisi inachofanya. Kifusi cha matumbawe husukumwa huku na huku na mawimbi, vichanga vya matumbawe havipati pa kushika, na mahali hapo hukaa mahame kwa miongo. Ukisikia mtu anasema hao wapewe elimu kwanza, muulize ni kwa faida ya nani. Kazi hiyo ni ya doria na mahakama. Nyinyi msiibebe, maana siku mkionekana askari, hakuna atakayewaonyesha shimo la pweza tena.

Tunaishia hapo kwa leo. Kesho ni bamvua, na maji yatakupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Tukutane ufukweni saa tatu, na viatu vya soli ngumu, kuna viumbe wenye miiba na mawe makali. Kina mama watatu wamekubali kutufundisha kutambua shimo lenye mwenyewe: mlangoni utaona maganda ya kaa na kombe, mabaki ya chakula cha jana. Mchokoo msiushike mpaka wawape.