Mfupa Hauumi Mpaka Uvunjike

Ndugu zangu, kila aliyevuka miaka 50 ajiulize: ujanani nilikuwa na kimo gani, na leo nina kimo gani? Naona wengine mnacheka. Aliyepungua sentimita 4 amwone daktari, kwa sababu huenda pingili zake za uti wa mgongo zimekuwa zikibonyea moja moja, naye maumivu yote ameyaita uzee.

Ndiyo tabia ya osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu. Mfupa unapungua ndani kwa ndani bila kuuma, kisha unavunjika kwa jambo dogo: kuteleza bafuni, kuinua ndoo, hata kukohoa. Huvunjika zaidi kifundo cha mkono, uti wa mgongo na nyonga. Mimi naiogopa nyonga, maana wazee wengi wakivunjika hapo hawatembei tena kama zamani.

Mfupa ni kitu hai. Kuna chembe zinazobomoa mfupa mkuukuu na nyingine zinazojenga mpya, maisha yote. Ujanani wajenzi ndio wanaoshinda, na karibu na miaka 30 mfupa unafika kilele chake. Baadaye wabomoaji wanatangulia. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake katika miaka 5 hadi 7. Wanaume msijipongeze, yenu inakwisha polepole tu.

Watu wakisikia haya hukimbilia vidonge vya kalsiamu. Mimi nasema tuanze na miguu. Mfupa hujengeka unapobebeshwa mzigo. Wanaanga, watu wazima wenye afya tele, wakikaa angani bila kubeba hata uzito wao wenyewe wanaweza kupoteza asilimia 1 au zaidi ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Basi tembea kwa kasi, panda ngazi, cheza muziki, nyanyua vitu vizito kadiri ya nguvu zako. Kuogelea kunaufaa moyo, ila mfupa haupati mzigo wa kutosha majini.

Hebu tujaribu, hapo hapo mlipo. Ukiwa umekaa kitini, kunja mikono kifuani, kisha simama bila kujishika. Aliyeshindwa, mapaja yake yamelegea, na kuanguka huanzia huko. Rudia zoezi hilo kila siku nyumbani, kiti kikiwa kimeegemea ukuta.

Chakula nacho kina kazi yake. Mtu mzima anahitaji kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku. Mwanamke aliyepita miaka 50, miligramu 1,200. Iko kwenye maziwa, mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, na baadhi ya mboga za majani. Ukitumia vidonge, usizidishe miligramu 500 kwa mara moja, kwani mwili hunyonya kidogo kidogo. Vitamini D ngozi huitengeneza kwa jua. Anayeshinda ndani aulize kuhusu nyongeza. Sigara na pombe nyingi, mnajua.

Anayetumia prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayoweza kudhoofisha mifupa, kwa miezi 3 au zaidi, asiiache ghafla, ila amuulize daktari juu ya mifupa yake. Kuna kipimo cha mionzi kiitwacho DXA, kinachoonyesha mfupa wako umepungua kiasi gani ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya. Alama ya -2.5 kushuka chini ndiyo osteoporosisi. Dawa zipo. Ukipewa alendroneti, imeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha ukae wima nusu saa. Wengi huiacha wakisema inachoma kifua, kumbe wakishameza hurudi kitandani.

Haya, maswali.