Kupima Maji ya Mifongo: Kuvuna Spektra Kutoka Picha za Darubini

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nimefurahi kulizungumzia jambo hili hapa Moshi, kwa watu wanaoijua mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba.

Kule Kitt Peak, Arizona, nchini Marekani, darubini ya Mayall yenye kioo cha mita 4 imefungwa kifaa cha kuchambua nuru kiitwacho DESI. Kina nyuzi 5,000 za kioo, na kila uzi una kiroboti cha kuuelekeza kwenye galaksi au nyota yake. Nyuzi hizo zinaishia kwenye spektrografu 10, 500 kwa kila moja, na humo nuru inatawanywa rangi kwa rangi, ndiyo spektra yenyewe, na kupigwa picha.

Tazameni ukutani. Hamwoni galaksi hata moja. Ni michirizi tu, imeshuka sambamba kama mifongo kutoka mlimani, mmoja hadi mwenzake pikseli, yaani vijidoa vya picha, saba hivi. Kila mchirizi ni uzi mmoja. Ukiufuata toka chini kwenda juu, unatoka kwenye bluu kuelekea nyekundu.

Sasa tukate mfongo mmoja kwa upana. Pikseli zinasoma, tuseme, 3, 21, 90, 19, 4. Anayeanza atazijumlisha tu. Vijana, nawasihi, msiishie hapo! Ile 3 ya ukingoni ina nuru kiduchu, lakini kelele ya kamera, yaani makosa ya bahati nasibu katika usomaji, imeibeba sawa na ya katikati. Ukizihesabu sawasawa, galaksi hafifu inazama. Mwaka 1986 mwanaastronomia Keith Horne alionyesha namna ya kuipa kila pikseli uzito kulingana na umbo la mchirizi na kiasi cha kelele. Umbo lenyewe tunalipata kwa kumulika nyuzi zote kwa taa nyeupe. Na mionzi ya anga, yaani chembe za kasi kutoka anga za mbali, ikiigonga kamera, doa lake halifuati umbo hilo, kwa hiyo linajulikana na kutupwa.

Ila mfongo huvuja. Chukulia jirani yako ni nyota yenye nuru mara 1,000 ya galaksi yako, na anavujisha kwako asilimia moja tu. Amekumwagia mara 10 ya maji yako mwenyewe! Ukipima wako peke yake, umepima wa jirani. Ndiyo maana wanaastronomia Adam Bolton na David Schlegel walipendekeza, mwaka 2010, michirizi ikokotolewe kwa pamoja: kila pikseli iwe mlinganyo mmoja, na kila uzi udai kilicho chake. Hesabu ni nzito, kompyuta zinahema, lakini mimi naona hakuna njia ya haki kuliko hiyo.

Haya, aje mmoja ubaoni na chaki. Tuanze na mifongo miwili inayovujiana.