Fungua Ukurasa wa Utepe: Wilaya ya Shule Inavyochagua Vitabu vya Hisabati

Walimu wenzangu, wazazi, habari za jioni. Nimeombwa nieleze jinsi wilaya ya shule kule Marekani inavyochagua vitabu vipya vya hisabati. Nitaanza na kisa cha mwaka 1964.

Mwaka huo mwanafizikia Richard Feynman aliingia kwenye tume ya mitaala ya jimbo la California iliyokuwa ikipitia vitabu vya hisabati. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alivisoma kweli, kimoja kimoja, asimkabidhi mtu mwingine. Siku ya kikao ikafika zamu ya seti moja ya vitabu vitatu. Akaulizwa: cha tatu unakipa ngapi? Akasema hicho hakukipata. Mtu wa bohari ya vitabu akaeleza kwamba kitabu kilikuwa hakijakamilika, hivyo mchapishaji alileta jalada tu, ndani kurasa tupu. Basi sita kati ya wajumbe wengine kumi walikuwa wameshakipa alama! Na alama zenyewe zilizidi kidogo zile za vitabu viwili vyenye maandishi.

Mnacheka. Na mimi nilicheka, mpaka nilipokaa kwenye kamati ya namna hiyo katika wilaya moja ambayo sitaitaja.

Kwanza tuelewane. Wilaya ya shule kule si wilaya yenye mkuu wa wilaya na ofisi ya ardhi. Ni chombo cha shule peke yake, chenye mipaka yake, bodi ambayo mara nyingi huchaguliwa kwa kura, na fungu lake katika kodi za majengo. Ziko kama 13,000 nchi nzima. Kitabu kimoja cha taifa hakuna. Majimbo kama California, Texas na Florida hukagua vitabu kwanza na kutoa orodha. Mengine huiachia wilaya mzigo wote. Hata California orodha yake inakomea darasa la nane, baada ya hapo wilaya itajijua. Na msidhani orodha ni salama: Aprili 2022 Florida ilikataa vitabu 54 vya hisabati kati ya 132 vilivyowasilishwa, vingine kwa madai ya itikadi. Baadhi vilirekebishwa vikapita.

Ndani ya wilaya inaundwa kamati: walimu, mratibu wa hisabati, mkuu wa shule mmoja au wawili, pengine mzazi. Wachapishaji wanaalikwa, maboksi yanafika. Vitabu vinachujwa mpaka vibaki viwili vitatu, hivyo vinajaribiwa madarasani kwa wiki kadhaa na kuwekwa mahali pa wazi wazazi wavipekue. Mwisho bodi inapiga kura hadharani.

Kwenye karatasi, utaratibu ni mzuri. Unapoharibika ni kwenye jedwali la alama. "Je, kitabu kinakuza fikra tunduizi? Toa alama 0 hadi 4." Saa kumi alasiri, umetoka kufundisha tangu asubuhi, mbele yako kuna kiongozi cha mwalimu kinene kama tofali, na vingine vitano vinasubiri. Unafunua kurasa nne, picha zinapendeza, unaandika 3. Nakiri, niliandika 3 nyingi jioni ile. Kile kitabu kitupu cha California kingepata 3 yangu pia.

Siku ya pili nikabadili mwendo. Nikaacha jedwali, nikachukua penseli, nikafungua kila kitabu cha darasa la sita mahali pamoja: kugawanya sehemu kwa sehemu.

Una utepe wa robo tatu ya yadi. Unakata vipande vya thumuni ya yadi. Vinatoka sita, na hapo hakuna kitabu kinachoshindwa. Sasa kata vipande vya nusu yadi. Kanuni inasema geuza ile ya pili, kisha zidisha: jibu ni moja na nusu. Lakini mtoto mwenye mkasi mkononi anaona kipande kimoja, na pembeni imebaki robo yadi. Anaandika moja na robo. Unamwambia amekosa, anakuonyesha utepe. Na utepe upo! Robo yake ni ya yadi. Nusu ya kanuni ni ya kipande. Kilichobaki ni kile kile, kimepimwa kwa vipimo viwili.

Kitabu cha kwanza kilikimbilia kanuni na kumwaga mazoezi. Cha pili kilimwacha mtoto apapase kurasa tatu, kikahamia mada nyingine bila kufunga hoja. Cha tatu kiliweka majibu yote mawili sambamba na kuuliza: kila moja linahesabu nini? Kwenye kiongozi cha mwalimu kilionya kwamba wengi watasema moja na robo, kikatoa swali la kuwarudisha. Jalada lake lilikuwa baya kuliko yote.

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili, watu wamegombana kule tangu miaka ya 1990. Wanaita vita vya hisabati. Upande mmoja kanuni na mazoezi, upande mwingine mtoto agundue mwenyewe. Katika mji wa Seattle walifika mahakamani. Bodi iliteua vitabu vya sekondari mwaka 2009, mwaka 2010 jaji akaona uamuzi ule hauna msingi na kuurudisha kwa bodi, mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikatengua hukumu hiyo. Mwaka 2014 pale pale Seattle, kamati ilipendekeza seti moja ya shule za msingi, bodi ikapitisha nyingine kwa kura 4 dhidi ya 3. Kwa hiyo mjumbe wa kamati usijipe ukubwa. Wewe unapendekeza tu.

Sisi tulisikilizwa. Kitabu cha utepe kilipita.

Ila kuna ukurasa wa zabuni ambao hakuna aliyeusoma kwa penseli, hata mimi. Viongozi vya mwalimu tulipewa bure, semina za mwaka wa kwanza bure. Daftari la kujazia, ambamo mtoto anachora na kukata, lilikuwa la kununuliwa upya kila mwaka. Mwaka wa tatu bajeti ikabana, madaftari hayakuagizwa. Nikawa nawakuta walimu saa kumi na mbili asubuhi kwenye mashine, hakimiliki au la, wanatoa kopi za utepe. Zilitoka zimepunguzwa ukubwa ili zienee kwenye karatasi, na mtoto akiweka rula juu yake, robo haikuwa robo tena.