Kinu Kimoja Kinapozimika: Nyuklia, Jua na Umeme wa Kanda ya Ziwa

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kufika jioni hii hapa Mwanza. Mmeniomba nieleze kama Tanzania, yenye urani, madini ya kuwashia vinu vya nyuklia, kule Namtumbo, ijenge kinu cha nyuklia badala ya kutegemea jua na upepo.

Nianze na ukubwa, maana huko ndiko kwenye uzito wa jambo. Kila mtambo kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, una uwezo wa megawati 235. Kila kinu kati ya vinne vinavyojengwa El Dabaa, Misri, kitakuwa na megawati 1,200, yaani zaidi ya mitambo mitano ya Rufiji kwa mkupuo. Umeme unaoingia kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, lazima ulingane na unaotumika, sekunde kwa sekunde. Mtambo ukizimika ghafla, mingine huziba pengo papo hapo, na pengo likiizidi nguvu, nchi nzima huweza kuingia gizani. Gridi yetu bado ni ndogo kwa hatari hiyo. Vinu vidogo vinasifiwa sana, ila vilivyokwisha kuwashwa duniani ni vya kuhesabu kwa vidole.

Sisemi haya kwa kuogopa ajali ya kinu kama ile ya Chernobyl. Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023 huku ikiendelea kuchoma makaa ya mawe, na kwa maoni yangu iliharakisha. Aliyekwisha kujenga ana sababu ya kutunza.

Kwetu jua liko karibu zaidi. Wavuvi wengi wa dagaa wameacha karabai za mafuta ya taa wakachukua taa za sola: betri huchajiwa mchana, taa huwaka usiku wa giza, na mbalamwezi ikiangaza wao hupumzika. Kiwanda cha minofu ya sangara hakina mapumziko hayo; vyumba vyake vya baridi hudai umeme usiku kucha, na betri za kukitosheleza ni ghali. Hapo bwawa hulifaa jua: mchana paneli zifanye kazi na maji yabakizwe, jua likizama maji yaachiwe yazungushe mitambo. Mwaka wa ukame, akiba hiyo ndiyo itakayotuvusha.

Kwa hiyo ningependa mradi wa sola wa Kishapu, Shinyanga, upanuliwe kwanza, huku vijana wetu wakiendelea kusomea fizikia ya nyuklia, kwa kuwa kinu huchukua miaka mingi kujengwa, na gridi ya 2045 haitakuwa hii ya leo.