Umri Kwanza, Picha Baadaye: Sakafu ya Fuvu la Mtoto

Mabibi na mabwana, wauguzi na mafundi wa eksirei, poleni na safari, hasa mliotoka Kisoro. Ombi langu ni hili: msisome picha ya sakafu ya fuvu la mtoto, yaani mifupa iliyo chini ya ubongo, kabla ya kujua umri wake.

Sehemu kubwa ya sakafu hiyo huanza ikiwa gegedu, kisha hugeuka mfupa polepole. Paa la pua la mtoto mchanga bado ni laini, kwa hiyo CT, yaani eksirei ya vipande-vipande, huonyesha pengo ambalo si ugonjwa. Kati ya mfupa wa sfenoidi, ulio katikati ya sakafu hiyo, na ule wa kisogo kuna mstari wa gegedu usiofungika hadi ujanani. Mtoto akianguka kutoka boda boda, mstari huo huitwa mvunjiko kimakosa, akalazwa bure. Tazameni kingo zake: ni laini, na upande wa kulia unafanana na wa kushoto. Kwenye MRI, yaani picha ya sumaku, ya aina iitwayo T1, uboho wa mifupa hiyo wa mtoto wa miaka 2 huwa mweusi, na ni kawaida. Kijana wa miaka 15 akiwa hivyo, tafuteni sababu.

Sasa pua. Mtoto amezaliwa na kinyama puani, nanyi mnataka kukikata kikapimwe. Ngojeni! Huenda ni ubongo uliochungulia kupitia tundu la fuvu. Ukikata, maji ya ubongo huvuja na homa ya uti wa mgongo hufuata. Vilevile mvulana aliyebalehe anayetokwa damu puani upande mmoja: huenda ana angiofibroma, uvimbe uliojaa mishipa ya damu. Hapo picha itangulie kisu.

Ila sisi Waganda tuna ugonjwa usiongoja foleni ya MRI: saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958: uvimbe wa mataya ya watoto. Hupanda hadi tundu la jicho na sakafu ya fuvu, mtoto akapooza uso au akaona vitu viwiliviwili. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48! Basi kama MRI ni ya wiki ijayo, chukueni kinyama cha taya leo kikapimwe, mpige na ultrasaundi ya tumbo, kwani mara nyingi na huko umefika.

Na fundi wa CT, tafadhali, punguza mionzi kulingana na uzito kabla mtoto hajalazwa mezani. Mipangilio ya mtu mzima si yake.